Kochi Lililokwama Mlangoni kwa Bi Nafasi

Mimi ndiye mjomba wake, na ninalisema hili mapema ili asije mtu mwingine akajitia ujomba baada ya kusikia sifa. Katika ukoo wetu watu wenye akili ni wawili: mimi, na huyu mpwa wangu ambaye nilimbandika jina la Bi Nafasi tangu akiwa na mapengo ya meno ya mbele. Akili zake amezichukua kwangu. Mama yake, ambaye ni dada yangu mkubwa, anabisha, lakini Dada hubishana hata na saa ya ukutani.

Jina lilikuja hivi. Nyumbani kwa Dada huwezi kupata mahali pa kuweka kijiko. Sebuleni kuna kabati la vioo lililojaa sahani ambazo hazijawahi kuonja chakula. Juu ya kabati kuna redio, juu ya redio kuna kitambaa cha kufuma, juu ya kitambaa kuna maua ya plastiki, na juu ya maua kuna vumbi, maana huko mkono haufiki. Mapazia anashona mwenyewe, ndiyo kazi yake. Mazito, yenye marinda tabaka kwa tabaka, kiasi kwamba mchana kweupe unawasha taa ili umwone unayezungumza naye. Basi huyu mtoto, katikati ya mali yote hiyo, alikuwa anaingia chini ya meza ya kulia na mwanasesere wake mmoja, wengine kashawagawa, anatulia humo. Ukimwinamia kumwuliza, "We mtoto, unafanya nini humo?" anakujibu bila wasiwasi, "Niko kwenye nafasi."

Na usidhani mimi sikuchangia kubanana kule. Mimi ni fundi makochi. Tena si fundi makochi hivi hivi. Ni yule ambaye mafundi wenzake wakimtaja wanashusha sauti. Kochi langu lina miguu ya simba, mikono minene kama ya mpiga mieleka, mgongo wenye vifungo vya dhahabu, vishada vinavyoning'inia pembeni, na mahameli nyekundu. Ukilikalia, kuinuka ni mpaka uvutwe. Shule niliiacha siku walipoanza kutia herufi ndani ya hesabu, nikaona hawa watu wamechanganyikiwa wasije wakaniambukiza. Lakini ingia nyumba yoyote yenye heshima umwulize mwenyewe amekalia kazi ya nani.

Mpwa alipokua, Dada alimweka kwenye cherehani. Akashona marinda, na akayashona vizuri, ila kwa uso wa mtu anayekunywa dawa. Halafu siku moja akaaga. Akaenda mjini kusafisha fleti za wageni, zile zinazopangishwa kwa siku chache kwa watu wa likizo. Dada aliumia. "Mwanangu ameacha uzi ameshika dekio," akawa anamwambia kila mteja, mpaka wateja wakawa wanamletea salamu za pole.

Kumbe mtoto anasoma. Msafishaji ndiye anayejua mgeni alifanya nini alipofunga mlango. Bi Nafasi akiingia na ndoo yake anakuta kinyago kikubwa cha mwenye nyumba kimefichwa bafuni, mito ya urembo imesukumizwa kabatini, pazia limepigwa fundo ili mwanga uingie, na kiti kimeburutwa hadi dirishani. Kila fleti, kila juma. "Mjomba," aliniambia, "watu wanasafiri mwendo wote ule, na wakifika kazi yao ya kwanza ni kuhamisha vitu."

Katika fleti mojawapo akakaa kwa miezi kadhaa mama mmoja mhandisi wa madaraja, kutoka nchi za Skandinavia. Ni kule juu kabisa kaskazini, ambako msimu wa baridi jua huchungulia kama mgeni aliyekosea nyumba, kisha linaondoka. Kwa hiyo watu wa kule wanaupangia mwanga chumba kama sisi tunavyompangia mkwe. Kuta nyeupe. Mbao zimeachwa na weupe wake, hazikutiwa vanishi nzito. Dirisha wazi. Taa ndogondogo zimewekwa chini chini, huku na huku, badala ya moja ya darini inayokumulika kama mtuhumiwa. Vitu vichache, na kila kimoja kina kazi yake. Mama yule alipanga fleti kwa mtindo huo, na mpwa wangu aliyeingia kusafisha akasimama na dekio mkononi, maji yanachuruzika sakafuni, hajui aanzie wapi kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuhamisha.

"Sasa sisi huku jua tunalikimbia," nikamchokoza, "wewe unalikaribisha la nini?"

"Sikaribishi jua, Mjomba. Nakaribisha mtu. Nafanya apate pa kunyoosha miguu."

"Miguu inanyooshwa kwenye kochi langu."

"Kwenye kochi lako miguu inaning'inia."

Mnaona mdomo huo? Nao kautoa kwangu.

Mwenye zile fleti alikuwa daktari wa meno, mama mnene wa sauti, mpenda dhahabu. Huenda ni kazi ile, ukishinda ndani ya vinywa vya watu unazoea kuona dhahabu mahali pasipotarajiwa. Ghorofa nzima ya juu ni yake. Bi Nafasi akamfuata, akamwomba fleti moja tupu aipange anavyojua. Daktari akamtazama kama anavyotazama jino, akaamua.

"Nakupa hii ya mbele. Jumamosi ya mwisho wa mwezi nitakuja kuiona. Nikiipenda, ghorofa yote utaipanga na kuiendesha wewe. Nisipoipenda, unarudi kwenye ndoo yako na ndani naweka vitu vyangu."

Mpwa wangu akapiga moyo konde, akaingia kazini. Sakafu aliipiga msasa kwa magoti yake mpaka mbao ikarudi rangi ya mkate mbichi. Kuta akazipaka weupe wenye tone la maziwa, si ule weupe wa hospitali. Ukutani akaweka ubao mrefu wenye vigingi vya kutundikia makoti, vikapu, hata viti. Chini ya dirisha akajenga benchi. Mezani akaweka chupa moja ya kioo na tawi moja la majani, basi. Mumewe ni fundi lifti, mtu ambaye maneno yake hupanda na kushuka polepole kama kazi yake. Akitoka zamu anakwenda kumsaidia. Lakini hayo sisi hatukuyajua. Sisi tulijua mengine.

Simu ya Dada ilinikuta karakana.

"We mtoto, uko wapi?" Nina mvi hadi kifuani, kwa Dada bado ni mtoto.

"Niko kazini, Dada. Shikamoo."

"Ndoa ya mpwa wako imevunjika, wewe unapiga misumari."

"Imevunjikia wapi?"

"Kitandani."

Nikaweka nyundo chini.

"Nimekwenda kwake kumpelekea nguo nilizomshonea," Dada akaendelea, sauti imeanza kulowa. "Naingia chumbani nizipange. Kitanda kimoja, duveti mbili, yale mablanketi ya kujaza pamba! Kila mtu na yake! Zimekunjwa mbalimbali kama watu wasiosalimiana."

"Labda ni baridi."

"Baridi ya mwezi huu? Jirani yake kaniambia haonekani kutwa nzima. Nikamfuatilia. Amekimbilia ghorofani huko mjini, nimechungulia mlangoni. Meza moja, viti viwili vya miguu ya kunguru, kitanda. Hana kabati. Hana zulia. Mdogo wangu, mwanangu hana hata pazia!"

Wewe unayesoma utasema: si mngemwuliza? Ndiyo maana nasema hujaoa kwetu. Katika ukoo wetu mtu akiwa na shida haulizwi, anaokolewa. Kumwuliza ni kumwumbua. Unafika tu na unachoweza kubeba, unamkuta kwenye aibu yake, unajifanya ulikuwa unapita. Tumeokoana hivyo miaka yote, na wengine hadi leo hawajui waliokolewa na nini.

Basi Jumamosi hiyo, na hapana hata mmoja wetu aliyejua ni Jumamosi gani, tukajikusanya. Dada alikuja na furushi la mapazia aliloshona kwa hasira. Shangazi yake Bi Nafasi, dada wa marehemu baba yake, alikuja na sufuria na maua ya plastiki. Mimi, kama mjomba na msemaji, nilivaa koti na kuleta kochi. Lilikuwa kochi jipya la mteja mwingine kabisa. Nikamwambia asubiri, damu imeita. Tukalipakia kwenye pikapu.

Lifti ilitukatalia kochi. Tukalipandisha kwa ngazi, mimi na dereva. Nilibeba upande mzito. Dereva akikuambia vinginevyo, huyo ni mwongo tangu utoto wake.

Mlango ulikuwa wazi, harufu ya rangi inatoka. Dada na Shangazi wakatangulia ndani. Sisi tukaelekeza kochi, tukalisukuma, likaingia hadi katikati, halafu likasimama. Ile mikono yangu minene ilishika fremu za mlango huku na huku kama mtu anayekataa kupelekwa kwa polisi. Tukasukuma, halikwenda. Tukavuta, halikurudi. Dereva akasema ameziba njia kule chini, akateremka mbio. Mpaka leo sijamwona.

Kwa hiyo mimi nikabaki nje koridoni, wao ndani, na kochi katikati. Mpwa akatokea, kitambaa cha rangi mkononi, akanitazama juu ya mgongo wa kochi.

"Shikamoo, Mjomba. Hiki ni nini?"

"Marahaba, mama. Ni kochi lako. Usilie. Ukoo upo."

"Nani analia?"

"Mimi," Dada akaitikia kutoka chumbani, akatoka ameshika duveti mbili, moja kila mkono, kama shahidi mahakamani. "Hata huku! Umekimbia peke yako na bado umetandika mbili!"

Shangazi akatua sufuria mezani, tawi la watu likaanguka. "Mwanangu, alikufanya nini huyo mwanamume? Sema hapa hapa. Mjomba wako yuko mlangoni, hatoki mtu."

"Hata akitaka," nikasema, "hapapitiki."

Mlango wa bafu ukafunguka. Akatoka mkwe wetu, suruali ameikunja magotini, bisibisi mkono mmoja, kipande cha mkate mkono wa pili.

"Shikamooni," akasema, akiendelea kutafuna.

Shangazi akamnyooshea kidole. "Wewe umefuata nini huku?"

"Bomba linavuja."

"Kwani hamjaachana?"

Mkwe akamgeukia mkewe taratibu, kama mtu anayehofia kuna tangazo lilimpita. "Tumeachana?"

"Bado," mpwa akasema. "Kazi zimekuwa nyingi."

Nikaangua kicheko, na ninyi mngeangua. Dada hakucheka. Akainua ushahidi wake juu zaidi.

"Na hizi?"

"Mama, huyu mtu anavuta blanketi lote usiku. Kila asubuhi mimi niko wazi kama samaki sahanini. Kule kaskazini kitanda ni kimoja, duveti kila mtu ana yake, na wanazeeka pamoja. Nimejaribu kwanza nyumbani nione kama inafaa wageni. Ndiyo hivyo tu."

Shangazi akakaa kwenye benchi polepole. "Marehemu mume wangu alinivua blanketi maisha yake yote," akasema, "na dawa yake ilikuwepo?"

Hapo ndipo nikasikia mtu anakohoa nyuma yangu. Kugeuka, mama wa dhahabu: hereni, mkufu, mkoba wenye mnyororo. Na mpwa wangu, ambaye hata Dada akimfokea hapepesi jicho, akaficha kitambaa chake cha rangi mgongoni.

"Mjomba," akasema kwa sauti ndogo, "huyo nyuma yako ndiye Daktari. Leo ndiyo anakuja kuamua kama hii kazi napewa ama narudi kudeki."

Mnaelewa sasa? Mtoto ametoboa magoti kwa msasa mwezi mzima, na saa yake imefika, nyumba imejaa sufuria na machozi, na mlango umezibwa na mjomba.

Daktari hakunitazama mimi. Alitazama kochi. Akapitisha mkono kwenye mahameli, akavishika vifungo, akainama kuona miguu ya simba.

"Hili ndilo kochi ulilochagua?" akamwuliza mpwa. "Zuri! Hatimaye! Nilikuwa na wasiwasi na hizo habari zako za patupu."

Nisiwadanganye, kifua changu kilivimba hadi kifungo cha koti kikakatika. Nikatega sikio nisikie mpwa akisema ndiyo, Daktari, na mjomba wangu ndiye fundi. Neno moja tu, na kazi imekwisha. Dada naye ndani anatikisa kichwa kwa nguvu, sema ndiyo, sema ndiyo.

"Hapana, Daktari," Bi Nafasi akasema. "Hilo limeletwa kwa mapenzi, lakini si la humu."

Daktari akanyoosha shingo juu ya kochi, akachungulia. "Naona kuta. Mgeni anakuja likizo, unampa wodi?"

"Ingia kwanza ukae. Ukishakaa ndipo useme."

"Niingie wapi?"

Mpwa akanigeukia. Sikumwona akiniomba, alinitazama kama fundi anavyomtazama fundi.

"Mjomba, ng'oa mikono."

"Ya nani?"

"Ya kochi. Na miguu."

Mbele ya mteja! Mteja mwenye ghorofa nzima, ambaye mkono wake bado uko kwenye mahameli yangu! Nikamtazama Daktari, nikamtazama mpwa. Nikavua koti.

Kama hujawahi kuniona nikibomoa, hujaona kitu. Wembe na koleo havitoki mfukoni mwangu: nilikata vishada, nikachomoa pini zinaruka kama bisi, nikafumua mahameli kama mtu anayemenya ndizi. Mkwe akawa anafungua skrubu kwa ndani, mimi kwa nje, hatusemezani. Mkono wa kwanza ukaanguka, wa pili ukafuata, kisha simba wangu wanne mmoja mmoja. Kilichobaki tukakiinua, kikapita mlangoni bila kugusa fremu.

Mpwa akapiga magoti kando yake. Chini ya ile mahameli kulikuwa na fremu ya msonobari mweupe, nimeikata mwenyewe, nimeipiga randa mwenyewe, viungo vimeingiana vyenyewe bila msumari hata mmoja. Ndivyo ninavyofanya siku zote. Hakuna aliyewahi kuviona, maana huwa navifunika. Akapitisha kidole kwenye kiungo, akarudia tena.

"Mjomba, kazi hii yote ulikuwa unaifichia nini?"

Nilitaka kumjibu kwa mzaha, nikajikuta naokota vifungo vyangu sakafuni.

Akalisogeza kochi likatazama dirisha, akaweka mito miwili, akatandika blanketi la sufu la kijivu. Sufuria za Shangazi akazipeleka jikoni, tawi akalirudisha kwenye chupa. "Sasa linakaa humu," akasema. "Karibu, Daktari."

Daktari akakaa. Hakuwa na pengine pa kukaa isipokuwa hapo, maana kiti kimoja kilikuwa kimetundikwa kigingini, kingine Dada alikwisha kichukua, na Shangazi benchi, mkwe yuko sakafuni karibu na mlango na mkate wake. Mimi nilisimama mlangoni pale palipokuwa na kochi. Tulikuwa watu sita kwenye chumba kile na hakuna aliyemgusa mwenzake goti. Mwanga wa alasiri ulikuwa umeingia hadi katikati ya sakafu. Mpwa akawasha taa moja ya chini kwenye kona yenye kivuli, akaleta maji, na hakusema neno. Alijua kunyamaza, hilo sijui kalitoa kwa nani.

Daktari alizungusha macho. Akatazama vigingi, meza, dirisha. Akaegemea.

"Sawa," akasema mwishowe. "Siyo wodi. Nimekubali, fleti zote utapanga wewe. Ila hizo nyingine zitie dhahabu kidogo. Na mapazia kama yale." Akaonyesha furushi la Dada.

Dada akang'aa kama sufuria mpya. Mimi nikashusha pumzi. Imekwisha, tumeshinda, twende nyumbani.

"Hapana, Daktari," mpwa akasema tena.

Dada akamfinya. Nilimwona.

"Nikichanganya, nitaharibu yako na yangu," Bi Nafasi akasema. "Ama nizipange hivi zote, ama umtafute mtu mwingine. Jumatatu nitakuja na ndoo yangu nisafishe alichopanga yeye, na wala sitanuna."

Mimi nilishafungua mdomo niseme mtoto anatania, msimsikilize, hajala tangu asubuhi. Mkwe akanishika mguu wa suruali, akatikisa kichwa. Nikafunga mdomo, jambo ambalo hutokea mara chache na mliokuwepo mkumbuke.

Daktari akainuka aondoke. Nikajua basi. Akapapasa sakafu kwa mguu mmoja, kisha kwa mwingine, akatazama chini. Viatu vyake vilikuwa kule karibu na dirisha, vimelala ubavu. Alikuwa amevivua na kunyoosha miguu, wala hakuna aliyeona, hata yeye mwenyewe.

"Mimi," akasema polepole, "nasimama kutwa nzima juu ya watu. Na sivui viatu kwa mtu." Akakaa tena. Akatutazama mmoja mmoja kama anatafuta wa kumlaumu. Halafu akafungua ule mkoba wa mnyororo, akatoa fungu la funguo, akaliweka mezani karibu na lile tawi. "Zote. Unavyojua wewe. Na nikija kuleta wazo, nifungie mlango."

Mpwa akazichukua funguo kwa mikono miwili, akashukuru kwa heshima, akazitia mfukoni mwa ovaroli lake lenye madoa ya rangi.

Nyuma yetu Dada akaangua kilio upya.

"Sasa unalia nini, wifi?" Shangazi akamwuliza. "Kazi amepata, mume huyo hapo anatafuna."

"Nimekuja na uchungu wote huu," Dada akasema, "sasa nauweka wapi?"

Bi Nafasi akacheka, akamvuta mkono, akampa ncha ya utepe wa kupimia. "Shika hapa, Mama. Twende tukapime fleti ya kona."

Dada akafuta machozi kwa pazia lake mwenyewe, akalitua furushi, akaushika utepe akamfuata.